Nyumbu, Mvua na Mipaka ya Serengeti

Kila mwaka, kati ya Julai na Oktoba, magari ya watazamaji hupangana kwenye kingo za Mto Mara, katika nchi ya Narok, kungoja nyumbu wavuke. Msomaji, hata kama hujafika huko, bila shaka umeziona picha zake: maelfu ya wanyama wakisukumana ukingoni, vumbi limetanda juu yao, na mamba wanangoja chini majini. Watu wengi hurudi makwao wakisema kwamba wameona kuhama kwa nyumbu. Kwa kweli wameona kipande chake kimoja tu. Safari ile ni ya miezi kumi na miwili, na aliyeitazama kwa siku tatu za Agosti ni kama mtu aliyeingia barazani hadithi ikiwa katikati, akaondoka kabla haijaisha.

Jambo hili lingekuwa dogo kama lingewahusu watalii peke yao. Lakini katika historia ya Serengeti na Mara, wakubwa wa serikali na wachora ramani nao waliitazama nchi katika msimu mmoja, kisha wakaikatia shauri la mwaka mzima. Mipaka waliyoiweka ndiyo tuliyo nayo hata leo. Kwa hiyo nitakueleza kwanza safari yenyewe, maana pasipo kuijua hutaweza kuipima kazi ya wale waliokata mipaka.

Neno nyumbu, utakumbuka, hutumika pia kwa mnyama azaliwaye na punda na farasi. Hapa nasema habari za yule wa porini, mwenye ndevu na pembe zilizopinda, na miguu ya nyuma mifupi kuliko ya mbele. Si mnyama wa kupendeza kwa umbo. Walakini ni wanyama wachache duniani watembeao mbali hivi kwa wingi namna hii.

Mvua za vuli zinapoanza, yapata mwezi wa Novemba, nyumbu huelekea kusini na mashariki, kwenye nyanda zilizo chini ya milima ya Ngorongoro. Nyasi za huko ni fupi kama zulia. Sababu iko chini ya ardhi: nyanda hizo zimefunikwa na majivu ya volkeno kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, ambao Wamaasai huuita Mlima wa Mungu, nao hutoa moto hadi leo. Majivu hayo yamefanya tabaka ngumu ambayo mizizi ya miti haiwezi kuipenya, lakini yametia ndani ya nyasi chokaa na fosforasi nyingi, na hivyo ndivyo vitu ambavyo mama anyonyeshaye na ndama akuaye huhitaji. Nyumbu hawajasoma elimu ya udongo, ila huenda kuzaa papo hapo. Kati ya mwisho wa Januari na Machi, ndama walio wengi huzaliwa katika muda wa juma tatu hivi, na kila mmoja husimama kwa miguu yake baada ya dakika chache tu. Fisi na simba hula mpaka hushiba, na bado ndama hubaki tele. Hii ndiyo faida ya kuzaliwa wote kwa pamoja.

Masika yakiisha, maji ya nyanda hizo hukauka. Hakuna mto wa kudumu kule, na vidimbwi vilivyobaki huwa na magadi. Ndipo makundi hugeuka, mwezi wa Mei na Juni, yakaelekea magharibi na kaskazini, na punda milia na swala wengi pamoja nao. Kiangazi kikizidi hufika Mto Mara, ambao chemchemi zake ziko katika msitu wa Mau nchini Kenya, na ambao hutiririka hata wakati mito mingine imekauka. Huko nyasi ni ndefu na ngumu, lakini zipo. Nyumbu hukaa mpaka wingu la vuli lionekane kusini, kisha hurudi. Kwa hiyo Mara ni kimbilio la kiangazi, na nyanda za kusini ni chumba cha uzazi. Ukiondoa kimoja, kingine hakiwafai kitu.

Sasa tuingie katika historia. Wazungu wa kwanza walioandika habari za nchi hii kwa kirefu waliifikia katika wakati mbaya kuliko nyakati zote. Maradhi ya ng'ombe yaitwayo sotoka yalikuwa yameingia Afrika kwa upande wa Eritrea katika miaka ya mwisho ya 1880, yakashuka kusini kama moto wa nyika. Yakisiwa kwamba katika kila ng'ombe kumi wa Wamaasai, tisa walikufa. Nyati na nyumbu walikufa nao, maana sotoka haichagui mnyama wa boma na wa porini. Oscar Baumann, msafiri kutoka Austria, alipofika Ngorongoro mwaka 1892 aliwakuta Wamaasai wamekonda kwa njaa, wakiokota chochote kilicholika. Ndui nayo ilikuwa imepita. Nchi ilibaki na watu wachache na mifugo michache. Vichaka vikaota pale palipokuwa malisho, na mbung'o wakaingia pamoja na vichaka.

Waliokuja baada ya hapo, wawindaji kwanza na maofisa baadaye, waliona nchi pana isiyo na watu, wakadhani ndivyo ilivyoumbwa. Walichokiona ni nyumba baada ya msiba, nao wakaiita nyumba isiyowahi kuwa na mwenyewe. Dhana hii ilileta madhara makubwa kuliko risasi zao.

Mpaka mmoja ulikuwa umekwisha pigwa tayari. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana juu ya mstari utakaotoka mlango wa Mto Umba pwani, uzunguke Kilimanjaro, ufike upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria. Mstari huo ulichorwa Ulaya. Haukujali mto, wala kabila, wala nyasi. Ukawakata Wamaasai pande mbili, na ukakata njia ya nyumbu vivyo hivyo: chumba cha uzazi kikawa Tanganyika, na kimbilio la kiangazi, sehemu yake kubwa, likawa Kenya.

Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, eneo lake lilichukua pamoja na Ngorongoro. Wamaasai waliokuwa wakikaa ndani waliambiwa kwamba haki zao hazitaguswa. Muda si muda magomvi yakaanza juu ya maji, moto wa kuchoma nyasi, mashamba na wingi wa ng'ombe. Mwaka 1956 serikali ya Tanganyika ikatoa shauri la kuipunguza hifadhi ibaki vipande vitatu vilivyotengana, na nyanda za katikati ziachwe kwa wafugaji. Makelele yakapigwa katika Ulaya na Marekani na watu ambao wengi wao hawakupata kukanyaga Serengeti. Kamati ikaundwa mwaka 1957. Lakini katika mabishano hayo yote, swali moja halikuwa na jibu la hakika: nyumbu huenda wapi, na mwezi gani?

Waliojitoa kulijibu walikuwa Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Walijifunza urubani, wakanunua eropleni ndogo, wakaipaka milia kama punda milia, wakairusha kutoka Ujerumani mpaka Tanganyika. Mwezi wa Januari 1958 walianza kuruka juu ya nyanda kwa mistari iliyonyoka, wakihesabu. Jumla yao ilikuwa wanyama wakubwa 366,980, na katika hao nyumbu 99,481. Waliwavisha baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue wakihama, na Michael alikusanya nyasi na udongo ili ajue kwa nini makundi hupenda uwanda huu na kuuacha ule. Wahesabuji wa baadaye walipata idadi kubwa zaidi, na yamkini Grzimek na mwanawe walipitwa na wengi. Lakini walithibitisha jambo lililokuwa na uzito kuliko idadi: nyumbu hawakufuata mipaka iliyopendekezwa kwenye karatasi. Katika miezi ya mvua walikuwa nje yake, mashariki, kwenye nyanda zilizokuwa zikitolewa katika hifadhi.

Michael hakuuona mwisho wa kazi hiyo. Tarehe 10 Januari 1959 eropleni yake iligongana na tai, ikaanguka, naye akafa, umri wake miaka 24. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu waliyokuwa wakiitengeneza ilitolewa mwaka huohuo, ikapata tuzo ya Oscar mwaka 1960, na jina la Serengeti likaenea duniani.

Walakini mipaka mipya ilikuwa imekwisha katwa. Mwaka 1959 hifadhi iligawanywa: upande wa magharibi ukawa wa wanyama peke yao, na upande wa mashariki, pamoja na kreta na sehemu kubwa ya nyanda za uzazi, ukafanywa Eneo la Ngorongoro ambamo wafugaji na wanyama wangekaa pamoja. Kaskazini paliongezwa ardhi kuelekea mpaka wa Kenya, na hilo lilikuwa jambo jema, kwa kuwa lilifungua njia ya kwenda Mara.

Na Wamaasai je? Mwaka 1958 wazee wao walitia sahihi karatasi ya kuiacha Serengeti ya magharibi, wakahamia Ngorongoro, kwa ahadi ya maji na ya makao ya kudumu. Ukifika Moru, penye majabali makubwa katikati ya uwanda, utaona chini ya mwamba mmoja michoro ya ngao za Kimaasai kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Waliochora hawapo tena. Wajukuu wa waliohamia Ngorongoro walikatazwa kulima mwaka 1975, na tangu mwaka 2022 wengi wamehamishiwa Msomera katika wilaya ya Handeni. Serikali ya Tanzania husema wanakwenda kwa hiari yao. Wengi kati ya Wamaasai wenyewe wamekana. Mimi naona kwamba huwezi kuisoma historia ya nyumbu kwa haki ukaurukia ukurasa huu.

Tena kuna jambo la ajabu. Kama mtu yeyote aliijua kalenda ya nyumbu, ni Mmaasai. Ndama wa nyumbu huwa na kirusi kisichomdhuru yeye, lakini ng'ombe akikipata hufa karibu kwa hakika. Kwa hiyo tangu zamani wafugaji wameondoa ng'ombe wao kwenye nyanda za nyasi fupi kila nyumbu wanapozaa, wakaziacha nyasi bora kuliko zote, na kuwapeleka milimani mpaka ndama wakue. Huko ni kupisha mgeni kwa hesabu ya miezi, bila ukuta wala askari. Sijui kamati gani ingeweza kubuni mpaka mzuri kuliko huo.

Elimu ya maabara ilikuja kuyathibitisha maneno ya wazee, na ilikuja kutoka hapa kwetu. Katika kituo cha Muguga, karibu na Nairobi, daktari wa mifugo Walter Plowright na wenzake walikipata kirusi hicho katika nyumbu mwaka 1960. Katika miaka iyo hiyo walitengeneza chanjo mpya ya sotoka, ya bei nafuu na ya kutumainiwa, na ng'ombe walichanjwa kwa wingi. Sasa angalia matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Watu walizoea kusema kwamba wanyama wa porini ndio wanaoihifadhi sotoka na kuwarudishia ng'ombe. Kumbe mambo yalikuwa kinyume: ng'ombe walipochanjwa, maradhi yalitoweka kwa nyumbu pia, na kufikia mwaka 1963 ndama wao hawakuwa na dalili yake. Mwaka 1961 nyumbu walikuwa yapata robo milioni. Mwaka 1977, baada ya miaka kadhaa ya mvua nzuri wakati wa kiangazi, walikuwa wamepita milioni moja na robo.

Kundi kubwa kiasi hicho hubadili hata sura ya mimea. Nyasi zilizoliwa haziwaki. Moto ukapungua, na miche ya migunga ambayo zamani iliungua kila mwaka ikapata nafasi ya kukua. Mgeni anayepita leo katika misitu ya migunga ya Serengeti na kuisifu kwamba ni ya kale, mara nyingi husimama chini ya miti ambayo umri wake haufiki wa babu yake, na ambayo ilipona kwa sababu ng'ombe wa watu walidungwa sindano. Plowright alipewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Mgonjwa wa mwisho wa sotoka kujulikana alikuwa nyati wa hifadhi ya Meru nchini Kenya, mwaka 2001, na mwaka 2011 dunia ilitangaza kwamba maradhi hayo yamekwisha kabisa.

Upande wa Kenya una hesabu yake, nayo si ya kujivunia sana. Mara ilianza kulindwa mwaka 1948, na mwaka 1961 ikapanuliwa na kuwekwa chini ya halmashauri ya Narok. Eneo lake ni kadiri ya kilomita za mraba 1,500. Serengeti ina zaidi ya 14,000. Mwaka 1977, Tanzania ilipofunga mpaka wakati Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa ikivunjika, watalii hawakuweza tena kuvuka kwa gari kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nyumbu waliendelea kuvuka bila hati.

Lakini wako nyumbu wengine ambao hawakuwa wakienda Serengeti kabisa. Hao ni wa Kenya tupu: wakati wa mvua walizaa katika nyanda za Loita, mashariki, na wakati wa kiangazi waliingia Mara. Walikuwa na safari yao fupi, yenye sura ileile ya safari kubwa. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa zaidi ya laki moja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hawakufika robo ya idadi hiyo. Hawakuuawa na simba. Nyanda zao za uzazi ziligeuzwa mashamba ya ngano, kisha ardhi ya jumuiya ikagawanywa viwanja, na viwanja vikazungushiwa seng'enge. Hifadhi ya Mara ilibaki hifadhi. Kimbilio la kiangazi lilibaki salama, na chumba cha uzazi kikafungwa. Mtalii wa Agosti hakuona tofauti yoyote, maana mwezi huo makundi ya Serengeti huwa yamekwisha fika na kuujaza uwanja.

Simlaumu mwenye shamba la Narok. Ngano humlipia mtoto ada ya shule, na nyumbu aliyelala shambani halipi kitu. Ndiyo maana tangu miaka ya 2000 baadhi ya wenye ardhi wameunganisha viwanja vyao kando ya hifadhi na kuvikodisha kwa kambi za watalii, wakapokea kodi kila mwezi na kulisha ng'ombe wao kwa zamu. Mahali hapo seng'enge zimeng'olewa. Mahali pengine zinazidi.

Hata kuhesabu hakujaisha. Mwaka 2025 wataalamu waliotumia picha za setilaiti zilizopigwa mwezi wa Agosti 2022 na 2023 walitoa jumla isiyofika nyumbu 600,000, chini ya nusu ya idadi inayotajwa kila mara. Wapo wanaosema wanyama wengine walikuwa chini ya miti au nje ya eneo lililopigwa picha. Mabishano yanaendelea, kama yale yaliyofuata hesabu ya mwaka 1958.

Shule yako ikipanga safari ya Mara, waombe walimu, kama ratiba inaruhusu, msiende Agosti. Nendeni Aprili au Mei, mvua ikiwa bado inanyesha. Mtaona nyasi zimefika kifuani, maua madogo meupe na ya zambarau katikati yake, na tembo waliotulia. Nyumbu watakuwa wachache. Mwulizeni mwenyeji wapi wa Loita wanazalia mwaka huu, na akiwaonyesha kwa kidole upande wa mashariki, hesabuni seng'enge zilizo kati yenu na pale anapoonyesha.